Uso Uliokataa Mafuta

Mikono ya mama ilimjia usoni kama ilivyomjia siku zote: viganja wazi, vidole vimetangulia. Mziwanda alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, begi bado liko begani, macho ameyafumba, tabasamu limeshakaa tayari. Vidole vikatua shavu la kulia. Vikasita. Vikapanda kwenye paji la uso, vikateremka puani, vikarudi shavuni na kulisugua kwa ncha, jinsi mnunuzi anavyosugua kitambaa ambacho muuzaji amekisifia kupita kiasi. Kisha mama akaiondoa mikono yake, akaifuta kwenye gauni.

"Huyu nani?" akauliza, uso ameuelekeza jikoni.

Wifi, mke wa kaka yake Mziwanda, alitokea mlangoni na mwiko mkononi. "Huyu nani vipi, mama? Si Mziwanda huyo! Amekuja."

"Mziwanda namjua."

"Ndiye huyo sasa."

"Huyo ni gunia," mama akasema, bila chuki, kama anayesoma bei. "Mwanangu ni hariri."

Wifi akacheka mpaka mwiko ukadondosha mchuzi sakafuni. Mziwanda naye akacheka, kwa kuwa alidhani ni mzaha. Akaushika mkono wa mama, akaurudisha shavuni. "Mama, ni mimi." Mkono ukakaa pale kwa adabu tu, kama mkono wa mtu aliyesalimiwa na asiyemjua, anayengoja tu aachiwe. Kicheko kikamkatikia Mziwanda.

Mama alikuwa mshonaji. Kabla macho hayajamuaga, alishona sare za shule za nusu ya mtaa, na hata giza lilipomfunika aliendelea kutambua pamba na nailoni kwa kugusa tu. Macho yalipokwisha, kumbukumbu nayo ikaanza kuyafuata, kidogo kidogo, kama mpangaji anayehama kwa siri akibeba kiti kimoja kimoja. Majina ya wajukuu yalishaondoka. Mwaka huu haukuwahi hata kuingia. Masikio yalikuwa mazima kiasi, lakini aliacha kuyaamini: redioni watu wanaongea, kwenye simu watu wanaongea, na kila anayepita mlangoni anasema "mama, ni mimi." Alichobaki nacho ni vidole. Vidole havikuwahi kumdanganya.

Na Mziwanda, kitinda mimba wa nyumba ile na binti pekee, alikuwa fundi rangi. Miezi mingi alikuwa mbali, yeye na wenzake, wakipiga msasa na kupaka jengo refu lenye vyumba visivyokwisha. Vumbi la jasi lilimwingia kichwani, puani, hata kwenye sauti, ikawa inakwaruza kama mlango wa bati. Na rangi ya mafuta haitoki kwa maji. Hutoka kwa kitambaa kilichochovywa mafuta ya taa, kisha sabuni ya kufulia, kisha kusugua. Kila jioni alijisafisha hivyo na kujiona mtu wa maana. Uso ulikuwa ukimwambia jambo, lakini fundi anayetazama kuta siku nzima hana hamu ya kutazama kioo.

Jioni hiyo wakiosha vyombo, wifi aliacha utani.

"Wifi, nikwambie ukweli na usinichukie?"

"Niambie."

"Anayemtoka mama siku hizi harudi. Kaka yako alisafiri kikazi, safari yenyewe fupi. Kurudi, amekuwa 'yule mtu wa maji'. Mpaka leo ni mtu wa maji. Kila akikaa kula anaulizwa bomba litatoka lini."

Mziwanda alibaki ameshika sahani, povu linamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Likizo yake ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi. Jengo lingine lilikuwa linamngoja. Akiondoka akiwa gunia, ataondoka moja kwa moja, na atakaporudi atakuwa mtu wa gesi, au mtu wa umeme, au hata hicho asiwe.

"Sauti yangu haimkumbushi?"

"Sauti gani, wifi? Hiyo ni yako hiyo?"

Kioo cha bafuni kilimpa kilichobaki. Ngozi ilikuwa imepauka kama lipu ya ukuta iliyokauka. Kwenye mbavu za pua ilikuwa na nyufa, na mashavuni imeota magamba meupe, madogo, yaliyokunja ncha. Akaligusa shavu lake kwa kidole, akijaribu kuwa mama. Kidole kikakwama kwama. Hata yeye asingejipokea.

"Basi nitaurudisha," akamwambia mtu yule wa kwenye kioo. Uso ni uso. Kuta ngapi mbovu kuliko huo zimepita mikononi mwake zikatoka zinang'aa?

Wifi alimpa chupa ya mafuta ya nazi. "Paka ukienda kulala, amka nayo. Mimi sina siri nyingine." Na kweli wifi alikuwa na shavu la kuteleza, ungeweza kulimwagia maharage yakabiringika.

Sasa, fundi rangi ana sheria yake moja, na sheria hiyo hufundishwa kabla ya kushika brashi: usipake penye unyevu. Ukuta wenye maji ukiupaka leo, kesho umeota malengelenge, keshokutwa rangi inabanduka vipande vipande na mwenye nyumba amekushika shati. Mziwanda alikuwa amewahi kusimamisha kazi ya watu wazima, wenye ndevu, kwa sababu ya kona moja yenye jasho. Kwa hiyo alipokwisha kunawa uso, alijifuta kwa taulo. Akajifuta tena. Akasimama mbele ya feni, kidevu juu, akageuza shavu hili, akageuza lile, mpaka ngozi ikavuta na kukaza kama ngoma. Alipohakikisha hakuna chembe ya maji iliyobaki, ndipo akapaka mafuta. Mkono wa kwanza, kama mafundi waitavyo tabaka, akangoja. Mkono wa pili, akangoja. Akalala chali ili kazi isiharibike.

Asubuhi mto ulikuwa unang'aa kuliko yeye.

Akapiga magoti mbele ya kiti. Mama akanyoosha mikono, kwa kuwa aliombwa. "Lo," akasema. "Gunia limemwagikiwa mafuta." Kisha akamwita wifi kwa sauti ya chini iliyosikika nyumba nzima: "Mgeni wako huyu analala hapa tena? Basi ufiche mkasi wangu."

Mziwanda hakuelewa. Mafuta ni yale yale, chupa ni ile ile, na wifi alikuwa pale mbele yake akimenya viazi na shavu lake la kubiringisha maharage. Akachukua chupa, akaisoma nyuma na mbele, akainusa, akaitikisa. Labda yeye alipewa ya juu na wifi anatumia ya chini. Labda mafuta yanajua watu.

Akatoka kwenda kwa muuza mboga wa kona, mama mmoja mwenye kiti kirefu na mdomo mrefu kuliko kiti.

"Mafuta matupu? Nani kakudanganya?" muuza mboga akasema, huku mkono wake umeshachagua parachichi. "Chukua hili, limeiva. Lipondeponde, tia asali kijiko, pakaa uso mzima. Ulale nalo mpaka asubuhi. Binti yangu alikuwa na uso kama kisigino, mwone sasa."

Mziwanda akamwona. Binti alikuwa nyuma ya magunia ya vitunguu, anakula embe, uso mwororo kama yai lililomenywa.

"Alikuwa kama mimi kweli?"

"Afadhali yako, mwanangu. Yeye tulikuwa hatumwalikii wageni."

Jioni Mziwanda akanawa, akajifuta, akaenda kwa feni, akakauka barabara. Akapaka parachichi na asali kwa utaratibu, kutoka juu kwenda chini, bila kuacha mistari. Mpwa wake wa kike mdogo kabisa akamkuta koridoni, akapiga ukelele, akakimbilia kwa mamaye. Kulipopambazuka parachichi lilikuwa limekauka na kupasuka, akalikwangua, na chini yake akakuta uso ule ule, mkavu, safari hii wenye rangi ya kijani masikioni.

"Huyu bado yupo?" mama akauliza, vidole vikiwa vimeshamwacha. "Nyumbani kwao hawamtafuti?"

Ikawa kila anayekutana naye ana dawa. Mpangaji wa nyumba ya pili akasema mtindi. Dada mmoja aliyekuja kuazima ungo akasema mtindi hapana, unakausha, weka utomvu wa alovera. Muuza mboga alipoulizwa juu ya alovera akasema hiyo ni ya kuungua, kwa ukavu ni tango, na bahati nzuri matango yamefika. Mtu mwingine, ambaye Mziwanda hakumjua hata kidogo, alimsimamisha njiani na kumwambia limau. Akajaribu limau. Alipiga mluzi wa maumivu ambao hakujua kama anauweza, na alipotazama kioo akaona mashavu mekundu kama aliyepigwa makofi na watu wawili wenye hasira tofauti.

Akili ikamchanganyika. Alikuwa mtu wa kazi moja, hatua kwa hatua, na kila hatua ina sababu yake. Hapa alikuwa anafuata hatua zote na kazi inarudi nyuma. Na kilichomchanganya zaidi ni kwamba hakuna aliyekuwa mwongo. Kila aliyemshauri alikuwa na uso wake pale mbele, laini, ushahidi tosha. Ni kana kwamba watu wote wa mtaa ule walikubaliana jambo moja siku ambayo yeye hakuwepo.

Akampigia simu Kipara, fundi mwenzake, waliyepaka naye ghorofa nzima wakigombana.

"Fundi!" Kipara akaitika. "Likizo tamu?"

"Kipara, nikuulize. Ukuta unaupaka, haushiki. Unabadilisha rangi, haushiki. Unafanyaje?"

"Ukuta gani huo? Umepata kibarua kwa siri?"

"We jibu."

"Si unajua mwenyewe? Ukuta ukikataa rangi usilaumu kopo. Ya zamani haijatoka hiyo. Chukua msasa, kwangua mpaka chini, mpaka ukutane na ukuta wenyewe, ndipo uanze upya."

Mziwanda akapumua. Hatimaye mtu aliyezungumza lugha yake. Magamba yale! Alikuwa anapaka juu ya magamba. Ni kosa la mwanagenzi, na angeliona kwa mwenzake angemcheka mpaka jioni.

Msasa wa kweli aliuogopa, kwa hiyo akatafuta kinachokaribiana nao. Akachukua sukari, akaichanganya na asali, akaingia bafuni, akafunga mlango. Akaanza kwa taratibu. Magamba yakatoka. Akafurahi. Akaongeza nguvu, kwa kuwa kazi nusu si kazi, akasugua kwenye mbavu za pua, akasugua kwenye kidevu, akasugua mashavu kwa duara ndogo ndogo jinsi anavyosugua kona za madirisha. Alipojimwagia maji akasikia moto. Akajifuta, kwa kuwa sheria ni sheria. Akaenda kwa feni. Upepo wa feni ulipompata usoni machozi yakamtoka bila kuombwa, akayafuta haraka, maana nayo ni maji.

Chumba cha mama kilikuwa kimya. Mziwanda akaingia, akakaa sakafuni, mgongo ukutani, mbali na kiti. Hakuwa amekuja kupimwa. Alitaka tu kukaa mahali ambapo mama yake yupo, japo mama hayupo. Machozi yakaja tena, na safari hii hakuwa na nguvu za kushindana nayo.

"Nani analia humu?"

Akataka kusema "ni mimi, mama", akakumbuka wangapi husema hivyo. "Mgeni," akasema.

"Mgeni analilia nini?"

"Uso wangu unaniuma."

"Sogea."

Akasogea kwa magoti. Mikono ikaja, na alipotarajia vidole vikague na kuondoka, vikakaa. Vikapita juu ya mashavu kwa upole kama vinavyopita juu ya kitambaa kilichotoboka.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Nataka uwe laini."

"Unataka uwe laini, na unaukwangua kama sufuria iliyoungua," mama akasema. "Watu mna mambo. Nenda kalete maji ya vuguvugu kwenye beseni, na kitambaa safi cha pamba. Pamba, si nailoni. Na mafuta."

Mziwanda akaenda. Akarudi na beseni, kitambaa, na chupa ile ile ya mafuta ya nazi iliyomshinda. Mama akakigusa kitambaa kwanza, akakikubali. Akakichovya, akakikamua kidogo, akakilaza juu ya uso wote wa mgeni wake na kukiacha hapo. Joto likaingia taratibu. Wakati kitambaa kikiwa usoni, dunia ilikuwa nyeupe na yenye unyevu, na ndani ya weupe huo sauti ya mama iliendelea.

"Nina binti mimi. Yuko mbali, anapaka majumba ya watu. Alipokuwa mtoto ngozi yake ilikuwa ya shida, ikikauka upesi. Jioni nilikuwa namwogesha, kabla hajanitoroka namkamata mlangoni, majimaji vile vile, nampaka. Anapiga kelele hizo! Sasa mwone. Hariri."

"Ni mzuri?" Mziwanda akauliza chini ya kitambaa.

"Huyo? Hujapata kuona."

Akajikuta anajionea wivu mwenyewe. Yule binti wa hariri alikuwa na mama, na yeye aliyepiga magoti pale alikuwa na beseni tu.

Mama akaondoa kitambaa. Uso ukabaki unameremeta kwa maji, tone moja likining'inia kwenye kidevu. Mama akamimina mafuta kiganjani na kuyasugua kati ya mikono yapate moto. Mziwanda akarudi nyuma kama mtu aliyeona mwanagenzi anachovya brashi kwenye kopo lisilo lake.

"Subiri! Acha ukauke kwanza."

"Ukauke?"

"Haupakwi ukiwa na maji. Utabanduka."

"Nini kitabanduka, binti?"

Mziwanda akafungua mdomo. Alitaka kusema rangi.

"Na huo ukavu wako bado haujakutosha?" mama akaendelea, mikono inangoja hewani. "Mafuta hayana maji ndani yake. Kazi yake ni kufunga mlango. Sasa wewe unamtoa mtu nje, halafu unafunga mlango, halafu unashangaa mbona nyumba haina mtu. Lete uso hapa."

Viganja vikashuka juu ya maji yale, na mafuta na maji vikachanganyika na kuteleza pamoja. Kila uzi wa ufundi ndani ya mwili wa Mziwanda ilipiga kelele kwamba kazi imeharibika. Akajiachia apakwe. Akawaza wifi akitoka kuoga, taulo kichwani, mabega yana matone, chupa mkononi tayari. Alimwona akifanya hivyo kila jioni! Alimwona na asione, kwa sababu wifi hakuwahi kusema "paka ukiwa umelowa", kama ambavyo hakuna anayesema "kula kwa kufungua mdomo". Na binti wa muuza mboga je? Akakumbuka maji yakidondoka kwenye kope zake siku ile, ametoka kunawa kwenye ndoo ya mboga.

Akashangaa, na mshangao haukumpa raha. Sheria iliyomlisha miaka yote ilikuwa ya kweli kwa kila kitu alichowahi kugusa, isipokuwa yeye mwenyewe.

"Usiguse mpaka asubuhi," mama akasema. "Na ukimwona binti yangu huko mnakotoka, mwambie aje. Sitaki zawadi. Aje tu."

"Nitamwambia."

"Anachelewa sana, yule."

Asubuhi uso haukuwa hariri, lakini moto ulikuwa umezimika, na kidole kilipita shavuni kikakwama mara chache kuliko jana. Mama akamgusa, akasema, "Mgeni umelala vizuri?" na akaomba chai. Jioni akamwita mwenyewe: "Yule mgonjwa wa uso yuko wapi? Maji yanapoa." Jioni iliyofuata pia. Mafuta ya taa na sabuni ya kufulia, Mziwanda aliviweka mbali hata na mawazo yake. Wifi aliwachungulia kupitia mlango ulio wazi, akatikisa kichwa.

"Unampa jina lako, wifi?" alimuuliza koridoni.

"Nikimpa anaacha kunipaka."

"Na usipompa?"

"Ndiyo hapo sijui."

Na kweli hakujua. Kila jioni alisikiliza sifa za binti aliye mbali: alivyokataa uji, alivyovaa sare ya kwanza upande wa nyuma mbele. Baadhi alikumbuka. Mengine hakuyakumbuka kabisa, na hakuweza kusema kama ni yeye aliyesahau au mama ndiye aliyetunga. Usiku alilala na uso unaonukia nazi, akijiuliza ni nani hasa anayelala pale. Akitaka kuwa binti, atampoteza mama anayempaka. Akibaki mgeni, ataondoka akiwa hakuwahi kufika.

Asubuhi ya safari begi lilikuwa tayari mlangoni. Alikuwa ameshanawa uso kwa mkono mtupu na kupaka mafuta kidogo juu ya maji, bila feni, bila kungoja. Akaingia chumbani kuaga. Alikuwa ameandaa maneno ya mgeni: asante kwa ukarimu wako, Mungu akuzidishie. Akapiga magoti.

Mkono wa mama ukaja, wa kulia peke yake, kwa mazoea ya siku hizi. Ukatua. Ukateleza mpaka kwenye taya. Ukasimama. Wa kushoto ukaja mbio kuukuta.

"We mtoto!"

Mziwanda akafumba macho.

"Umeingia saa ngapi wewe? Huna hata simu? Unaniingilia kimya kimya kama mwizi, na nimesema mara ngapi uje!" Viganja vilikuwa vinampapasa masikio, kichogo, shingo. "Na umekonda. Wifi yako anajua umekuja? Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, mama." Sauti ilimtoka ya kukwaruza, na mama hakujali. Mlangoni wifi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Vizuri." Kisha mama akamvuta karibu, akashusha sauti. "Sikiliza. Humu ndani kuna mwanamke. Umepishana naye?"

Mziwanda akatazama begi. Akatazama wifi. "Mwanamke gani, mama?"

"Simjui jina. Ana uso wa gunia, masikini, hata kumgusa inatia uchungu. Ila mpole. Nampaka mafuta kila jioni. Anatoka huko huko kwenye kazi zenu. Nilimtuma akuite, naona amekuita kweli. Sasa yuko wapi?"

"Ameenda kazini," Mziwanda akasema.

"Bila kuniaga?"

"Alikuaga, mama. Ulikuwa umelala."

Uso wa mama ukaingiwa na kivuli, na Mziwanda akaogopa kwamba kwa kumpata mmoja amempoteza mwingine, na kwamba mama ataomboleza.

"Atarudi?"

"Atarudi. Kazi ikiisha."

"Akirudi atakuwa amekauka tena. Namjua. Mbishi yule, ana mambo ya kungoja uso ukauke, sijui nani kamfundisha upuuzi." Akacheka kidogo. "Ukimkuta usimcheke."

"Simcheki."

Nje, dereva akapiga honi. Wifi akaliinua begi, kisha akaliweka chini tena.

"Mama," Mziwanda akauliza, "na nikirudi mimi, yeye asiwepo?"

"Basi nitakupaka wewe."

"Na akirudi yeye, mimi nisiwepo?"

"Nitampaka yeye. Kwani mafuta yana shida gani? Yapo."

Honi ikalia tena. Mziwanda akaacha shavu lake pale pale kiganjani, muda kidogo zaidi, asijue ashukuru kwa niaba ya nani.